Kimya huua, na uvumi huua: maneno kwa wanafunzi wa foni

Maneno haya yalisemwa na mkufunzi mmoja wa foni siku ya kufungua mafunzo ya watu wa kujitolea wa mawasiliano ya dharura, huku Ituri. Mbele yake walikuwa familia zilizohama makwao, wakubwa wa kambi na mashefu wa lokalite za jirani. Tunayachapisha karibu kama alivyoyasema.

Asanteni kwa kuja, maana najua wengine mmeacha foleni ya maji ili kufika hapa.

Nianze na habari yangu mwenyewe. Miaka mingi iliyopita niliwahi kukimbia kwa sababu ya uongo. Ilikuwa jioni, mama zetu walikuwa wakipika. Kijana mmoja wa piki-piki alipita kijijini kwetu akipiga kelele: "Wako wanakuja! Wako wanakuja!" Hakusimama. Hakusema ni nani wanaokuja, wala wanatoka wapi. Sisi nasi hatukuuliza. Tuliingia porini na nguo tulizovaa. Usiku ule mvua ilinyesha mpaka asubuhi. Tulikaa huko siku tatu. Shangazi yangu alikuwa na mtoto mchanga, na mtoto yule alishikwa na kifua. Hakumaliza wiki ya pili.

Tuliporudi tulikuta sufuria zetu bado juu ya mafiga na kuku wakizunguka uani. Hakuna aliyekuwa amekuja. Watu wale walioonekana njiani walikuwa wafanyabiashara wa ng'ombe pamoja na wachungaji wao, wakitoka sokoni. Shangazi hakumtafuta kijana yule ili amlaumu. Aliniuliza swali moja tu: "Hakukuwa na mtu wa kuuliza?"

Ndugu zangu, swali hilo ndilo lililonifanya niwe mtu wa foni. Na ndilo ninalotaka tuzungumze leo.

MAGONJWA MAWILI

Sisi watu wa mashariki ya Kongo tuna magonjwa mawili ya habari. La kwanza ni kimya. La pili ni uvumi.

Kimya mnakijua. Mwezi wa Desemba 2009, kati ya tarehe 14 na 17, waasi wa LRA walipita katika vijiji vya eneo la Makombo, kule Haut-Uele. Shirika la Human Rights Watch lilipofanya uchunguzi lilihesabu watu wasiopungua 321 waliouawa na wengine zaidi ya 250 waliotekwa, pamoja na watoto. Siku nne, kijiji baada ya kijiji. Eneo lile ni la mbali na mawasiliano yake yalikuwa mabaya sana. Taarifa kamili ilitoka mwishoni mwa Machi 2010. Hesabuni wenyewe: miezi mitatu na zaidi. Watu mia tatu wanazikwa, na nchi haijui.

Uvumi nao mnaujua, maana nimewaeleza ya shangazi yangu, na kila mmoja hapa ana ya kwake. Uvumi hukimbiza watu bila risasi. Huacha mihogo shambani na wagonjwa kitandani. Tena una ubaya mwingine: unapotaja kabila fulani kwamba "wanajipanga kutupiga", vijana wa upande huu nao wanajipanga, na jioni kile kilichokuwa uongo asubuhi kinakuwa kweli.

Watu hudhani dawa ya kimya ni kusema sana, na dawa ya uvumi ni kunyamaza. Ukifanya hivyo unatibu ugonjwa mmoja kwa kuongeza ule mwingine. Dawa ya yote mawili ni moja: mtu aliyefundishwa, anayejulikana, aliye na njia ya kuuliza na njia ya kujibu. Mafunzo haya ni ya kumtengeneza mtu huyo.

FONI NI NINI, NA KWA NINI SI SIMU TU

Mtaniuliza: "Mwalimu, kila kijana ana simu mfukoni. Foni ya nini?" Ni swali zuri.

Simu inahitaji mnara. Mnara unahitaji umeme au mafuta. Na wewe unahitaji yunite na betri yenye moto. Kimoja kikikosekana, simu ni kioo cha kujitazamia. Mwishoni mwa Januari 2025, vita vilipoingia Goma, umeme ulikatika na intaneti ikapotea wakati ule ule watu walipohitaji kujua wapite njia gani. Hata mitandao ya tahadhari ya jamii, ambayo askari wa Umoja wa Mataifa walisaidia kuijenga kwa kuwapa simu watu wa vijijini, ilipata shida hiyo hiyo: mahali penye hatari kubwa mara nyingi ndipo pasipo na mnara.

Foni haihitaji mnara. Sauti yake inapanda juu, inagonga tabaka lililo mbali angani, kisha inarudi chini. Kwa hiyo inavuka mlima na msitu, na kufika mji ulio kilomita 100 au 300 kutoka hapa. Unahitaji mashine, waya wa antena, betri ya volti 12 kama ya gari, na pano ya jua ya kuichaji. Motorola ya mkononi ni kitu kingine. Hiyo inakwenda moja kwa moja, kama macho: ukiwa juu ya kilima unafika mbali, ukiwa bondeni huvuki hata mgomba. Tutajifunza zote mbili: motorola ya kuzungumza ndani ya kambi na vijiji vya karibu, foni ya kuzungumza na walio mbali.

Tena kuna tofauti iliyo kubwa kuliko zote. Simu inazungumza na mtu mmoja. Foni inasikiwa na vituo vyote kwa pamoja. Kule Dungu, Kanisa Katoliki lilikuwa na foni tangu zamani, kama misheni nyingi za Kongo. Baada ya mauaji yale, vituo viliongezwa vijijini kwa msaada wa shirika la Invisible Children na wengine. Watu wa kujitolea walikuwa na randevu asubuhi na mchana: kila kituo kinaitwa kwa jina, kinasema kimeona nini. Kuanzia 2011 habari zao ziliwekwa pia kwenye ramani iliyoweza kusomwa popote duniani. Lakini ramani ni ya walio mbali. Faida ya kwanza ilikuwa karibu zaidi: kituo kimoja kikisema watu wenye silaha wamevuka mto, vituo vingine vinasikia saa ile ile. Mama anayejua kwamba njia ya shamba lake ina hatari leo, anangoja kesho. Na ile randevu ya "hapa hakuna kitu, hapa ni salama" nayo ni habari. Ingekuwako siku ile kijijini kwetu, tungelala ndani ya nyumba.

MNAYOKUJA KUJIFUNZA

Wengi wanadhani mafunzo ya foni ni kujifunza vifungo. Vifungo mtavijua siku ya kwanza. Zilizobaki ni za kufundisha masikio, mkono na ulimi.

Kwanza, kutunza mashine. Antena ya waya ya masafa ya megahezi 7 ina urefu wa mita 20 hivi, mita 10 kila upande. Ukikata vibaya, mashine itapata joto na kuungua. Mtajifunza kupima kabla ya kukata. Mtajifunza kwamba kusema hula betri kuliko kusikiliza, hata mara kumi. Kwa hiyo msemaji mfupi ana betri mpaka usiku, na msemaji mrefu ananyamazishwa na betri saa ya hatari. Mtajifunza pia kwamba mchana na usiku havitumii masafa yale yale, kwa sababu jua linabadilisha lile tabaka la juu.

Pili, adabu ya hewani. Sikiliza kabla ya kusema. Bonyeza, ngoja kidogo, ndipo useme. Taja kwanza jina la unayemwita, kisha jina lako. Ukimaliza sema "kwako", mwenzako ajue zamu ni yake. Jina la mahali litamke herufi kwa herufi kwa alfabeti ya dunia nzima: Alfa, Bravo, Charlie, Delta. Hapa kwetu vijiji viwili au vitatu vinaweza kuwa na jina moja. Ukituma msaada kwenye kijiji kisicho chenyewe, umemnyima aliyekuita.

Tatu, saa. Hapa nataka mnisikilize vizuri. Sisi tunahesabu saa kwa Kiswahili, lakini shuleni tulihesabu kwa Kifaransa. Katika zoezi moja nililosimamia, kituo cha kwanza kilisema: "Gari la dawa litafika saa nane." Kilimaanisha saa nane ya mchana. Mwandishi wa kituo cha pili akaandika 8:00, kama alivyofundishwa shuleni. Tuliwaweka vijana walioigiza wagonjwa kando ya barabara tangu asubuhi, wakangoja saa sita nzima juani. Lilikuwa zoezi, tukacheka. Kama wangekuwa wagonjwa kweli, nani angecheka? Kwa hiyo kwenye foni saa inasemwa kwa tarakimu nne: moja, nne, sifuri, sifuri. Na unasema ni saa ya mashariki, maana Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja.

Nne, ujumbe wenyewe. Kila ujumbe wa tahadhari una maswali matano: nani, nini, wapi, lini, na umejuaje. Yale manne ya kwanza kila mtu anayakumbuka. La tano ndilo wanalosahau, na hilo ndilo linalotenganisha mtu wa foni na kijana wa piki-piki.

Umejuaje? Kuna majibu matatu tu. La kwanza: nimeona kwa macho yangu. La pili: nimeambiwa na mtu aliyeona, naye ninamjua. La tatu: watu wanasema. Mtaandika moja, mbili au tatu katika daftari la foni kabla ya kubonyeza kitu chochote.

Wazee wetu walisema: lisemwalo lipo, na kama halipo linakuja. Ni methali ya kweli katika mambo ya ndoa na ya shamba. Katika foni naikataza. Habari ya namba tatu haitumwi kama tahadhari. Inatumwa kama swali: "Kituo cha ng'ambo, huku watu wanasema kuna watu wenye silaha karibu na mto. Ninyi mnaona nini? Kwako." Mnaona tofauti? Maneno karibu ni yale yale, lakini moja linakimbiza kijiji, na lingine linatafuta ukweli kabla ya kukimbia. Kuna methali nyingine ninayotaka muiandike ukurasa wa kwanza wa daftari: heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.

Tano, kurudia. Aliyepokea anausoma ujumbe wote tena, na aliyetuma anasema "ndiyo" au anasahihisha. Tutafanya mchezo: ujumbe mmoja utapita midomo ya watu kumi, na ujumbe ule ule utapita kwa kuandika na kurudia. Mwishoni tutalinganisha. Baada ya mchezo huo hakuna mwanafunzi anayenidai maelezo zaidi.

WENZETU WA NCHI NYINGINE

Msidhani kazi hii ni ya Kongo tu. Duniani kuna watu wengi wanaoendesha redio kwa kuipenda, bila mshahara. Huitwa waendesha redio wa ridhaa. Wanasoma, wanafanya mtihani, wanapewa kibali na jina la hewani. Ukisikia jina linaloanza na 9Q, ni la kwetu Kongo. Siku za kawaida wanasalimiana tu na watu wa mbali na kujaribu antena zao. Wengine huwacheka. Lakini siku ya maafa wao ndio wenye mazoezi.

Uingereza, mafuriko makubwa ya bahari mwaka 1953 yaliwafanya waendesha redio wa ridhaa waunde kundi la kujitolea liitwalo RAYNET, ambalo hufundisha watu wake na kuwafanyisha mazoezi kabla ya maafa. Na huko India kuna mama aitwaye Bharathi Prasad. Desemba 2004 alikuwa na wenzake katika visiwa vya Andaman wakirusha redio ya ridhaa. Tarehe 26, tsunami ilipiga. Njia za kawaida za mawasiliano zikakatika. Mashine yao ndogo ikawa njia ya kupeleka habari bara: watu wa huku wamepona, wa kule wanahitaji msaada. Nataka akina mama walio hapa walisikie jina hilo. Alikuwa mwanamke aliyekwisha kufanya mazoezi miaka mingi, hivyo siku ile mikono yake ilijua cha kufanya.

Hata kanuni za redio za dunia zinawatambua. Siku za kawaida, mwendesha redio wa ridhaa hapeleki nchi nyingine ujumbe kwa niaba ya mtu mwingine. Katika dharura na maafa anaruhusiwa, na serikali zinahimizwa ziwawezeshe watu hawa kujitayarisha mapema.

Lakini sikieni sana: ruhusa hiyo haifuti kibali. Hapa Kongo mambo ya mawasiliano yanasimamiwa na ARPTC, chini ya sheria namba 20/017 ya tarehe 25 Novemba 2020. Hakuna kituo cha foni kitakachowashwa na mwanafunzi wangu bila karatasi zake, na bila wakubwa wa mahali kujua. Katika vita, foni isiyo na karatasi humgeuza mwenye foni kuwa mpelelezi machoni pa watu. Kijana asiye na hatia anaweza kupotea kwa sababu ya waya uliofungwa juu ya mwembe.

HEWANI HAKUNA SIRI

Chochote unachosema kwenye foni kinasikika. Wanasikia vituo vyako, wanasikia askari, wanasikia pia wale mnaowakimbia. Kwa hiyo kuna mambo ambayo mwanafunzi wangu hatayasema hewani hata akiombwa na mkubwa wake.

Hatasema mahali watu waliokimbia wanapolala. Hatataja jina la aliyemletea habari. Hatasema msafara wa chakula unapita njia gani kesho. Na hatakuwa sikio la upande wowote wenye silaha: hatawaelekeza hawa mahali walipo wale. Kituo chetu ni cha raia, kwa usalama wa raia. Siku kitakapotumika kutafuta adui, kitakuwa sehemu ya vita, na mwendeshaji wake atakuwa wa kwanza kulipa.

SITAWADANGANYA

Sasa niseme jambo zito, maana wengine hapa wamelibeba moyoni tangu nianze kusema. Foni haizuii risasi.

Usiku wa tarehe 6 Juni 2014, huko Mutarule katika uwanda wa Ruzizi, watu wasiopungua 30 waliuawa, wengi wao wakiwa katika ibada. Pale hapakukosekana mawasiliano. Watu walipiga simu, waliomba msaada. Msaada haukufika kwa wakati. Wenyeji wa Mutarule wakiniuliza mafunzo haya yangewasaidia nini, sitawapa jibu la rahisi.

Ninachoweza kusema ni hiki. Tahadhari isiyo na mpango nyuma yake ni kelele. Tukimfundisha mtu kusema "hatari inakuja" lakini hatujakubaliana baada ya hapo nani afanye nini, tumefanya nusu ya kazi. Kwa hiyo siku ya mwisho ya mafunzo haitakuwa ya mashine. Mtaketi, kila kambi na kila lokalite, mjibu maswali haya: Nani anapokea habari usiku? Nani anapiga filimbi, na inapigwa mara ngapi? Wazee, wajawazito na wasioweza kutembea wanabebwa na nani, kwa majina? Watu wanaelekea wapi, na njia ya pili ni ipi kama ya kwanza imefungwa? Na wakubwa wenye kazi ya kutulinda wakikawia, nani anaandika saa tuliyowaita? Daftari la foni lina faida hiyo pia. Linabaki. Mtu hawezi kusema baadaye, "Hatukuambiwa."

MANENO KWA WAKUBWA

Mashefu na wazee, nawaomba mambo matatu kwa heshima.

La kwanza, foni isiwe ya nyumba yako. Mahali inapokuwa chumbani mwa mkubwa, mama mjane haendi kuuliza usiku. Iwekwe mahali ambapo kila mtu anaweza kufika bila kuogopa.

La pili, mliowachagua kujifunza wawe watu wanaoaminiwa na wengi, wake kwa waume. Wasiwe tu watoto wa ndugu zenu. Mtu wa foni anaomba kitu kimoja kwa watu, nacho ni kusadikiwa. Akisema "tulieni, ni wachungaji wa ng'ombe", lazima watu watulie.

La tatu, mlindeni anapoleta habari msiyoipenda. Mkimpigia kelele leo kwa kusema "hakuna kitu", wakati ninyi mlitaka kusikia kwamba jirani ni mbaya, kesho atasema mnachotaka. Hapo mtakuwa mmerudi kwa kijana wa piki-piki, ila safari hii ana antena.

Na hapa nafikia jambo lililonileta kwa kweli. Tazameni safu za mbele. Wanafunzi hawa hawakutoka upande mmoja. Kuna walioketi leo pamoja ambao wazazi wao hawajasalimiana tangu vita. Tuliomba makusudi iwe hivyo. Vituo vya upande mmoja tu vitapeana hofu ya upande mmoja. Lakini kama mtu wa ng'ombe ana foni kwao, na mtu wa shamba ana foni kwake, na wamekula sahani moja kwa wiki mbili, basi usiku moto ukionekana kilimani, mmoja atamwita mwenzake kwa jina: "Huo moto ni wa nini?" Naye atajibu: "Tunachoma majani, ndugu yangu, laleni." Au atajibu: "Sijui, nasi tunaogopa." Jibu lolote kati ya hayo mawili ni bora kuliko kimya kati ya vilima viwili.

MANENO KWA FAMILIA

Mama na baba, hata kama hamtagusa mashine hii, mna kazi.

Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, watu wa Goma walikimbia usiku, wengine kuelekea Sake, wengine Gisenyi. Siku iliyofuata UNICEF ilisema watoto zaidi ya 150 walikuwa wametengana na familia zao, na wengine zaidi ya 170 walihofiwa kuwa wamepotea. Usiku mmoja tu. Nawaomba leo jioni, kabla ya kulala, muulize kila mtoto aliyeanza kusema: jina lako kamili ni nani, baba yako anaitwa nani, mama yako anaitwa nani, kijiji chetu ni kipi? Msimfundishe "Mama Furaha" tu, kwa maana kambini Mama Furaha ni wengi. Mtoto anayejua majina hayo manne, mtu wa foni na watu wa Msalaba Mwekundu wanaweza kumtafutia wake.

Kisha mkubaliane nyumbani: tukipotezana, tutakutana wapi. Chagueni mahali pawili. Na mnapoletewa habari ya kutisha, kabla ya kufunga mizigo, mpelekeni aliyeileta kwa mtu wa foni. Muulizeni lile swali la tano. Kama ameona kwa macho yake, kimbieni, msingoje foni wala mimi. Kama ni "watu wanasema", mwacheni mtu wa foni aulize. Inachukua dakika chache.

KUMALIZA

Vijana, kesho saa ya kuanza ni sifuri, saba, tatu, sifuri, saa ya mashariki. Atakayekuja saa saba na nusu ya mchana atakuwa amejifunza somo la tatu kwa uchungu.

Shangazi yangu bado yuko hai. Amezeeka sasa. Siku nilipomwonyesha foni kwa mara ya kwanza, randevu ya jioni ilikuwa ikiendelea, na vituo vilikuwa vinajibu kimoja kimoja: hapa salama, hapa salama, hapa mvua kubwa lakini salama. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono magotini. Kisha akasema: "Kumbe walikuwako watu wa kuuliza." Akanyamaza. Akaongeza: "Sasa wafundishe wawe wengi."

Ndiyo kazi ya wiki hizi mbili. Kwenu.